Darasa la awali si daftari peke yake: kwa nini mtoto afundishwe kukimbia, kuruka na kudaka

Kila Januari shule za msingi za mkoa wetu wa Dodoma hupokea watoto wapya wa darasa la awali. Mzazi ananunua daftari na penseli, anamvalisha mtoto sare, anamkabidhi kwa mwalimu. Mchana mtoto akirudi, cha kwanza kufunguliwa ni daftari. Likiwa na irabu tano na namba, nyumba nzima inafurahi. Mtoto akisema, "Leo tulicheza," mzazi anakunja uso na kuuliza: nimempeleka kusoma au kucheza?

Swali hilo linaulizwa hapa mjini, Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini, na linaulizwa vilevile Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa. Halina ubaya wowote, kwa sababu mzazi ana haki ya kujua muda wa mwanawe unatumikaje. Katika makala hii tunalijibu kwa kutazama sehemu moja ya elimu ya awali ambayo hupewa nafasi ndogo kuliko zote: kumfundisha mtoto kuutumia mwili wake.

Misuli mikubwa ni ipi?

Walimu wa awali hugawa kazi za mwili katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la misuli midogo, yaani vidole na viganja, ambayo hushika penseli, hufunga vifungo na kutunga shanga. Fungu la pili ni la misuli mikubwa: miguu, mapaja, tumbo, mgongo, mabega na mikono. Hiyo ndiyo inayomwezesha mtoto kukaa wima, kutembea, kukimbia, kupanda, kurusha na kudaka.

Kazi za misuli mikubwa nazo ni za aina tatu. Ya kwanza ni kuhama kutoka hapa hadi pale: kutembea, kukimbia, kuruka kwa miguu miwili, kurukaruka kwa mguu mmoja. Ya pili ni kuumudu mwili bila kuhama, kama kusimama kwa mguu mmoja, kuinama, kujipinda, na kusimama ghafla baada ya mbio bila kuanguka. Ya tatu ni kumudu kitu: kurusha mpira, kuudaka, kuupiga teke, kuuviringisha.

Mwili wa mtoto hukomaa kuanzia kichwani kwenda miguuni, na kuanzia katikati kwenda pembeni. Mtoto hukaza shingo kabla ya kukaa, hukaa kabla ya kusimama dede, na bega lake hupata nguvu kabla ya vidole. Mtoto ambaye mgongo na bega havijakaza huchoka haraka akiandika. Atalalia dawati, atashika kichwa, na mwalimu atamwita mvivu. Hatusemi kwamba mtoto akiruka sana atajua kusoma, maana kusoma kuna mafunzo yake. Tunachosema ni kwamba mkono unaoandika unashikiliwa na bega, na bega linashikiliwa na mgongo.

Serikali inasemaje?

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ndiyo iliyofanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, watoto waliofurika katika madarasa ya awali nchini waliongezeka kutoka kama milioni 1 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2016. Februari 2025 toleo jipya la sera hiyo lilizinduliwa hapa hapa Dodoma na Rais Samia Suluhu Hassan, wakati mtaala mpya ulikuwa umeshaanza kutumika tangu Januari 2024.

Mtaala wa awali wa mwaka 2016 ulipangwa kwa umahiri sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kumudu stadi za awali za kihisabati. Ukiusoma utaona kwamba kuruka na kukimbia hakukupewa jina lake. Mwalimu alitakiwa akuingize ndani ya afya, ndani ya sanaa, ndani ya hesabu. Kwa mwalimu aliyeandaliwa vizuri hilo ni jambo jema, kwa sababu watoto wanaweza kuhesabu huku wanaruka. Kwa mwalimu aliyeelemewa, kitu kisicho na jina kwenye ratiba ndicho cha kwanza kuachwa.

Kuna pia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021 na kupangwa kwa miaka mitano hadi 2025/26. Inamhusu mtoto tangu mimba hadi miaka 8, na inasimama juu ya nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inapotaja wajibu wa mzazi au mlezi inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kisha inataja haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Kucheza kumewekwa kwenye orodha moja na chakula. Tanzania pia iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu chake cha 31 kinasema jambo hilo hilo.

"Lakini mtoto wa kijijini anakimbia kutwa nzima!"

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na inatolewa na watu wazima wenye akili zao. Mtoto wa mjini anayefungiwa ndani na televisheni, sawa, afundishwe kukimbia. Huyu wa kwetu anatembea kwenda shule, anachunga mbuzi, anapanda miti, anafuata maji. Afundishwe nini tena?

Hoja hiyo ina ukweli. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji kujishughulisha kimwili kwa angalau dakika 180 kwa siku. Kwa wa miaka 3 na 4, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuhema na kutoka jasho. Kuanzia miaka 5 kipimo ni wastani wa dakika 60 za namna hiyo kila siku. Watoto wengi wa vijijini wanafikisha kipimo hicho bila saa wala mwalimu. Hata hivyo kuna mambo matatu ya kuzingatia.

La kwanza, darasa la awali linachukua asubuhi, muda ule ambao jua halijawa kali na mtoto ana nguvu. Zamani saa hizo alikuwa nje. Leo, kwa saa kadhaa kila siku ya shule, amekaa sakafuni au amebanana kwenye dawati na wenzake. Shule imechukua saa zake za kukimbia, kwa hiyo nayo inadaiwa sehemu ya saa hizo.

La pili, kukimbia sana hakumaanishi kujua kila kitu. Mtoto anayechunga ana miguu yenye nguvu, lakini huenda hajawahi kudaka mpira. Mtoto wa kike wa miaka 5 ambaye kila jioni amebeba mdogo wake mgongoni anafanya kazi ya mwili, ila anafanya kazi moja tu, tena inayomzuia kuruka na kukimbia. Ukitazama kiwanja cha kijiji jioni utaona wanaopiga mpira ni wavulana. Wasichana wako pembeni, au kisimani. Darasani ndipo mahali pekee ambapo zamu inaweza kumfikia kila mmoja.

La tatu, mwili hujifunza kwa kufundishwa, haukui wenyewe tu, na ushahidi uko hapa hapa Afrika Mashariki. Miaka ya 1950 daktari kutoka Ufaransa, Marcelle Geber, alipima watoto wachanga mjini Kampala na kukuta wamewatangulia watoto wa Ulaya katika kukaza shingo, kukaa na kutembea. Wengi walidhani ni maumbile. Kisha mtafiti wa Marekani, Charles Super, akaenda kuishi kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis wa Kenya, na mwaka 1976 akatoa matokeo yake. Aliona kwamba akina mama wa pale walikuwa wanawafundisha watoto wao kukaa na kutembea, kwa makusudi na kwa mazoezi ya kila siku. Watoto waliwahi kukaa na kutembea, vitu walivyofundishwa. Katika kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwa mbele ya wengine.

Bibi zetu nao walijua hilo. Mtoto hukandwa, hurushwa juu na kudakwa, hushikwa mikono asimame dede huku watu wanapiga makofi. Kinachotushangaza ni kwamba mafunzo hayo hukoma mtoto anapoanza kutembea, kana kwamba baada ya hapo hakuna cha kujifunza. Kurukaruka kwa mguu mmoja, kurusha kwa shabaha na kudaka kunakuja baadaye, katika umri ule ule wa darasa la awali.

Watoto wengi, mwalimu mmoja

Kiwango kinachotakiwa na serikali katika elimu ya awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Katika shule nyingi za serikali mwalimu ana mara mbili au mara tatu ya idadi hiyo. Mbele ya umati kama huo, kuwatoa watoto nje kunatisha. Mmoja anakwenda barabarani, mwingine anadondokea korongo, wa tatu anakanyaga mbigili. Ni salama zaidi kuwakalisha waimbe irabu. Tunamwelewa mwalimu anayefanya hivyo, na hatuoni haki kumlaumu yeye peke yake.

Hatua zimechukuliwa. Katika fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 yalipangwa madarasa 3,000 ya shule shikizi, ili watoto wadogo wasitembee mbali. Mradi wa BOOST umejenga madarasa ya awali ya mfano katika baadhi ya shule, pamoja na vifaa vya kuchezea nje. Kabla ya hapo mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi Dodoma pia, ulitumia wasaidizi kutoka jamii kuandaa watoto kwa shule kupitia hadithi, nyimbo na michezo. Funzo kutoka huko ni moja: kijana au mama wa kijijini aliyepewa mafunzo mafupi anaweza kushika kundi la watoto wadogo na kulimudu.

Bembea ya chuma ni nzuri, lakini watoto 80 kwa bembea mbili ni foleni. Mtoto aliyesimama foleni nusu saa kusubiri zamu ya dakika moja hajafanya zoezi. Kwa hiyo shule isisubiri bembea.

Somo lenyewe linafanyikaje?

Kucheza ovyo wakati wa mapumziko kuna faida yake, na kusiondolewe. Somo ni kitu kingine, kwa kuwa lina shabaha. Nusu saa inatosha, asubuhi kabla ya jua kali.

Dakika tano za kwanza ni za kupasha mwili: mchakamchaka mfupi wa kuzunguka uwanja, au kutembea kama tembo, kuruka kama chura, kunyata kama paka. Kisha unakuja ustadi mmoja wa siku hiyo, na uwe mmoja tu. Tuseme ni kuruka. Mwalimu anachora kwa majivu mistari miwili iliyokaribiana na kuiita mto. Anaonyesha mwenyewe: magoti yamekunjwa, mikono nyuma, kisha mikono mbele na miguu miwili inaondoka pamoja. Kutua ni kwa miguu miwili, magoti yakikunjika tena ili yameze mshindo. Mtoto akiweza, mto unapanuliwa. Asiyeweza anabaki kwenye mto mwembamba, na hachekwi.

Siku nyingine ni kudaka. Hapo mtoto aanze na mpira mkubwa mwepesi, wa matambara au makaratasi, unaoviringishwa chini, kisha unaodundishwa, mwisho unaorushwa. Kumrushia mtoto wa miaka 4 mpira mdogo mgumu ni kumfundisha kufumba macho. Katika kurusha, maelekezo ni mawili: tazama unapolenga, na mguu wa mbele uwe wa upande usiorusha. Anayerusha kwa mkono wa kulia atangulize mguu wa kushoto.

Baada ya ustadi unakuja mchezo unaoutumia: kuruka kamba, rede, kombolela, kupokezana vijiti. Mwishoni watoto wanatulia, wanavuta pumzi, wanasikiliza mapigo ya moyo, wanakunywa maji, wananawa mikono, wanaingia darasani.

Hesabu na lugha zipo humo humo. "Ruka mara nne." "Pita chini ya kamba, zunguka nyuma ya mti." Maneno kama chini, nyuma, kati, kulia na kushoto mtoto anayaelewa kwa mwili wake kabla ya kuyakuta kitabuni. Kuhusu wingi wa watoto, dawa ni kuwagawa makundi manne. Kila kundi linakuwa na kituo chake, moja kwa kamba, jingine kwa matairi, jingine kwa mipira, jingine kwa mstari wa kutembea bila kuyumba, na kila kundi na mtu mzima mmoja au mwanafunzi mkubwa wa kusimamia. Vifaa ni tairi bovu, kamba ya katani, viroba vidogo vya mchanga, magunzi ya kurusha na majivu ya kuchorea.

Tena hatuna haja ya kuazima kila kitu kutoka mbali. Ngoma za Wagogo zinachezesha mabega, shingo, magoti na nyayo kwa mpigo mmoja, na mama anayepiga muheme anajua kufundisha mpigo huo kuliko kitabu chochote. Kumwalika shuleni mara moja kwa wiki ni somo kamili la misuli mikubwa.

Mtoto anayebaki nyuma

Kuna faida nyingine ya somo hili ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto akiwa amekaa na daftari, matatizo mengi hujificha. Akitoka nje yanaonekana. Asiyegeuka akiitwa kwa nyuma huenda hasikii vizuri. Anayekosa mpira kila mara huenda haoni vizuri. Anayeanguka sana, anayetembea kwa vidole, anayetumia upande mmoja tu wa mwili, anahitaji kupelekwa zahanati aangaliwe, na ikibidi apewe rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Wazazi wasishtuke kabla ya wakati. Shirika la Afya Duniani lilipofuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, lilikuta watoto wenye afya huanza kutembea peke yao wakati wowote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Wachache hawakutambaa kabisa, wakatembea vizuri tu. Kuchelewa kidogo kuliko mtoto wa jirani si ugonjwa. Lakini mtoto aliyepita miezi 18 bila kutembea, au aliyekuwa anaweza jambo kisha akaacha kuliweza, asisubiriwe "atakua tu".

Mtoto mwenye ulemavu naye asiachwe kivulini kuangalia wenzake. Asiyeona anaweza kudaka mpira wenye njuga ndani. Asiyetembea anaweza kurusha akiwa amekaa. Mkoa wetu una shule ya wasioona Buigiri, wilayani Chamwino, lakini watoto wengi wenye ulemavu wako katika shule za kawaida za vijiji vyetu, na wengine bado wamefichwa nyumbani.

Tumbo tupu haliruki

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kunywa hata uji, akatembea hadi shule, hawezi kuchezeshwa nusu saa asubuhi. Atakaa chini, na ana haki ya kukaa. Kwa hiyo kijiji kinachopanga somo la michezo kianze na sufuria. Debe la mtama au uwele linalochangwa baada ya mavuno ndilo linaloendesha somo hilo mwezi wa pili, wakati maghala yanapopungua.

Kiwanja nacho kilindwe. Sensa ilihesabu watu milioni 2.08 mkoani Dodoma mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa milioni 3.09. Tangu serikali ihamie hapa na Dodoma kutangazwa jiji Aprili 2018, ardhi imepanda bei mjini na pembezoni mwake. Eneo la shule lisilo na mipaka linaonekana ni pori, na pori linapata mwenyewe. Kiwanja kilichopotea hakirudi. Kijiji ambacho bado kina nafasi kiweke mipaka, kipande miti na kupata hati mapema.

La kuuliza kikaoni

Msikilizaji, kikao cha wazazi kijacho kina nafasi ya maswali. Tunakuachia manne ya kwenda nayo. Watoto wa awali wanatoka nje kwa somo la michezo mara ngapi kwa wiki, na limeandikwa kwenye ratiba? Nani anamsaidia mwalimu siku hiyo, na sisi wazazi tunaweza kupanga zamu? Watoto wanakunywa uji kabla ya saa ngapi? Eneo la shule lina mipaka inayotambulika?

Maswali hayo hayahitaji fedha za mradi. Yanahitaji mzazi mmoja asimame na kuuliza, na mwingine aseme, "Zamu ya Jumanne nitakuja mimi." Na mtoto wako akirudi leo akasema wamecheza, muulize wamecheza nini, kisha mwambie akuonyeshe.